Si kozi hii, ni kozi huyu

Mwezi wa Novemba uliopita, nikifundisha upatanisho wa kisarufi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, niliandika ubaoni sentensi fupi: "Kozi amefika kutoka India." Darasa zima liliangua kicheko. Kijana mmoja wa safu ya mbele aliinua mkono, akaniambia kwa adabu zote, "Daktari, samahani, nadhani umeteleza. Ungesema kozi imefika." Wenzake wakamuunga mkono. Kwao kozi ni somo la chuoni, lenye ada, mtihani na cheti. Katika ukumbi uliokuwa na wanafunzi 64, ni wawili tu waliopata kusikia kuwa kozi ni ndege, na mmoja wao, msichana wa kutoka Lamu, alikuwa amelisikia neno hilo kinywani mwa babu yake.

Siwalaumu vijana hao. Neno la Kiingereza lililoingia juzi limemfukuza ndege kiotani mwake, na hakuna lugha isiyopatwa na mambo kama hayo. Lililonikera ni jambo jingine. Sentensi ile haikuwa mfano wa kubuni. Katika wiki zizo hizo kozi walikuwa wakifika nchini kwetu kwa makundi, baada ya kuvuka Bahari ya Hindi usiku na mchana. Huko walikotoka, wapo wataalamu na wanakijiji ambao wamefuatilia safari za baadhi yao, kila ndege kwa jina lake. Sisi tunaopitiwa utosini ndio tusio na habari.

Leo nataka kuwaeleza walimu wenzangu na wanafunzi habari za ndege huyu, namna anavyofuatiliwa, na kwa nini naamini kuwa suala lake ni suala la lugha kama lilivyo suala la sayansi.

Ndege ninayemzungumzia ni yule ambaye wataalamu humwita kozi wa Amur. Jina hilo alilipata mwaka wa 1863 kutoka kwa Gustav Radde, mtaalamu wa viumbe aliyezuru Siberia, naye alimwita kwa jina la mto Amur ambao sehemu yake kubwa ni mpaka wa Urusi na Uchina. Ni ndege mdogo. Umbo lake halizidi la njiwa, na uzani wake ni kama gramu 150. Dume ni wa kijivu kizito, mwenye manyoya meupe chini ya mbawa, mapaja ya rangi ya kutu na miguu ya rangi ya chungwa. Jike ana kifua cheupe chenye madoa na michirizi myeusi. Akiwa safarini chakula chake kikuu ni wadudu: kumbikumbi, panzi, nzige na kerengende.

Kozi huyu huzaliana mashariki mwa Siberia, Mongolia, kaskazini mwa Uchina na Korea. Baridi ikikaribia, huteremka hadi pembe ya kaskazini-mashariki ya India, katika majimbo ya Nagaland, Manipur na Assam. Huko hukusanyika mwezi wa Oktoba na Novemba kwa maelfu yasiyohesabika, wakila kumbikumbi na kujaza mafuta mwilini. Kisha huondoka. Huipita India yote, wakaingia baharini, wakavuka takriban kilomita 3,000 za maji matupu hadi pwani ya Somalia. Hapo katikati hakuna mti wa kutua wala jiwe la kupumzikia. Kutoka Somalia huja kwetu, kisha huendelea kusini hadi Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Safari ya mwaka mmoja, kwenda na kurudi, hupita kilomita 20,000.

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu huenda amekwisha kutambua siri ya safari hii. Kozi hawa huvuka bahari wakati upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma, na hurejea makwao mwezi wa Aprili na Mei kusi inapoingia. Hiyo ndiyo ratiba iliyofuatwa na manahodha wa majahazi kwa karne nyingi: kaskazi ikawaleta kutoka Bara Hindi na Arabuni, kusi ikawarudisha. Hata chakula cha njiani yamkini hakikosi. Mwaka wa 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyeishi visiwa vya Maldivi, alieleza namna mamilioni ya kerengende wanavyopita visiwani humo kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba wakisukumwa na pepo hizo hizo kuelekea Afrika Mashariki. Kozi na kerengende husafiri msimu mmoja juu ya bahari moja, na mla na mliwa hutumia upepo mmoja.

Tumeyajuaje haya yote? Zamani njia ilikuwa pete. Ndege hunaswa kwa wavu mwembamba, akavishwa mguuni pete nyepesi yenye nambari na anwani, kisha akaachiliwa. Kazi hiyo si ngeni kwetu. Tangu mwaka wa 1969 wapenzi na wataalamu wa ndege wamekuwa wakikutana Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, nyakati za ukungu wa Novemba na Desemba, wakiwavisha pete ndege wadogo wahamao. Kazi ya Ngulia imeiletea Kenya sifa kubwa miongoni mwa wachunguzi wa ndege duniani. Hata hivyo pete ina udhaifu wake. Haisemi neno mpaka ndege anaswe tena au aokotwe amekufa, na hata hapo husema mambo mawili tu, alikoanzia na alikoishia. Safari yote iliyo kati ya vituo hivyo viwili hubaki giza.

Giza hilo ndilo lililoondolewa na setilaiti. Ndege hufungwa mgongoni kifaa kidogo kinachotoa mawimbi, na mawimbi hayo hupokewa na setilaiti za mfumo uitwao Argos, ulioanza kazi mwaka wa 1978. Mwanafunzi atauliza: setilaiti hujuaje mahali ndege alipo? Aliyewahi kusimama kando ya barabara kuu anajua kwamba honi ya matatu husikika nyembamba gari linapomjia, na nzito likishampita. Setilaiti inayopita angani hupima badiliko la namna hiyo katika mawimbi ya kifaa, na kutokana na badiliko hilo hesabu hufanywa ya kukisia mahali yalikotoka. Kifaa cha kozi kina uzani wa gramu 5, sawa na kijiko kidogo cha sukari, maana mzigo ukizidi ndege hufa njiani. Huendeshwa kwa nguvu za jua. Kwa kuwa ni kidogo mno, hutuma mawimbi kwa saa 10, kisha hunyamaza saa 48 kikijaza nguvu. Mtaalamu aliyeketi mbele ya kompyuta hupata basi vituo vichache vya safari, kimoja hapa na kimoja kule, naye huviunganisha kwa mstari.

Zipo njia nyingine pia. Wataalamu wa Urusi waliwafunga tai wa nyika za Asia vifaa vinavyotuma ujumbe mfupi kwa mtandao wa simu za mkono. Mwaka wa 2019 tai mmoja aitwaye Min alikaa majira yote ya joto Kazakhstan mahali pasipo na mtandao, kisha akaruka hadi Iran. Alipofika huko, jumbe zote za miezi ile zilitoka kwa mkupuo, zikilipishwa kwa bei ya ng'ambo, na fedha za utafiti zikakauka. Wananchi wa Urusi walichanga fedha, na kampuni ya simu ikakubali kulifuta deni. Watu walicheka sana kisa hicho, nami nilicheka. Lakini nilijifunza pia kwamba elimu ya mahali ndege alipo ina gharama, na kwamba anayelipa gharama hiyo ndiye aijuaye kwanza.

Sasa nirudi kwa kozi wetu, maana kiini cha makala haya kiko Nagaland.

Katika wilaya ya Wokha, mto Doyang ulijengewa bwawa la umeme lililokamilika mwaka wa 2000. Maji yakafunika mashamba ya wanavijiji, na wengi wao wakageuka kuwa wavuvi. Mwezi wa Oktoba wa 2012 kikundi cha wapenzi wa wanyamapori, akiwamo mwanahabari Bano Haralu, kilifika huko na kukuta nyavu za kuvulia samaki zimetundikwa juu ya miti kando ya ziwa. Kozi waliporudi jioni kulala, walinasa humo kwa maelfu. Walinyonyolewa wakakaushwa kwa moshi, wengine wakabebwa wazima wazima sokoni. Walioshuhudia walikadiria kuwa ndege kati ya 12,000 na 14,000 waliuawa kila siku wakati wa kilele, na kwamba msimu ule peke yake waliangamia kati ya 120,000 na 140,000. Picha zao zilienea duniani kote, na India ilifedheheka.

Hatua zilizofuata zilikuwa nyingi. Serikali ya jimbo ilitoa amri, makanisa yakahubiri, watoto wakafundishwa shuleni, na mabaraza ya vijiji yakapiga marufuku nyavu zile na kuweka faini. Msimu wa 2013 ulipita bila kozi hata mmoja kunaswa Doyang. Mwezi wa Novemba mwaka huo, wataalamu wa Taasisi ya Wanyamapori ya India wakishirikiana na wenzao wa Hungaria waliwafunga ndege watatu vifaa vya setilaiti. Watatu hao hawakupewa nambari tu. Waliitwa Naga, Pangti na Wokha: mmoja kwa jina la watu wenyewe, wa pili kwa jina la kijiji kilichokuwa kimeongoza kwa uwindaji, na wa tatu kwa jina la wilaya.

Mawimbi ya Wokha yalipotea, lakini Naga na Pangti walikwenda hadi kusini mwa Afrika, na mwaka uliofuata wakarudi Doyang. Wanakijiji ambao miaka miwili nyuma walikuwa wakiwahesabu kozi kwa mafungu ya kuuza, sasa waliulizana kama Pangti amefika salama. Baadhi ya waliokuwa wawindaji waliunda chama cha kulilinda lindo la ndege hao.

Hapa naomba ruhusa ya kuzungumza kama mwalimu wa isimu. Tunawafundisha wanafunzi wetu kuwa kuna nomino za kawaida na nomino za pekee, nao hukariri wakapita mtihani. Ni wachache wanaofikiria uzito wa tofauti hiyo nje ya darasa. Nomino ya kawaida hutaja aina, na aina haifi mtu akimla mmoja wake. Nomino ya pekee hutaja mmoja ambaye hana badali. Kabla ya 2013, kozi wa Doyang alikuwa fungu na bei. Ningeweza hata kusema kuwa alikuwa amehamishwa ngeli. Ndege yupo katika A-WA: anaruka, analala, amechoka. Akishanyonyolewa huwa nyama, na nyama imo katika I-ZI: inakaushwa, inapimwa, inauzwa. Kijiji kilipompa mmoja jina lake chenyewe, kilimrudisha katika ngeli yake ya asili. Hakuna aliyeuliza kama Pangti "imefika".

Najua wapo watakaosema kuwa ninayakuza mambo ya taaluma yangu. Watasema kwamba ni amri na faini zilizowaokoa kozi, wala si sarufi. Pingamizi hiyo ina nguvu, nami sitaikwepa. Watu wa sehemu zile hawakukosa jina la ndege huyu katika lugha zao. Katika jimbo jirani la Manipur, kwa mfano, anaitwa Akhuaipuina. Jina lilikuwapo na bado aliliwa. Zaidi ya hayo, mwaka wa 2018 wataalamu waliwafunga vifaa ndege wawili wilayani Tamenglong, wakawaita Manipur na Tamenglong. Siku chache baadaye Manipur aliuawa na wawindaji katika wilaya hiyo hiyo. Jina halizuii risasi.

Nakubali yote hayo. Ninachodai ni kitu kidogo kuliko wanachonipinga nacho. Amri humzuia mtu akiwa anaonekana. Katika msitu wa usiku, ambako hakuna askari, kinachobaki ni namna mtu anavyomfikiria kiumbe aliye mbele yake, na namna hiyo hujengwa kwa maneno. Manipur alipouawa, hesabu ya wafu haikuongezeka kwa moja tu. Alikuwa amekufa fulani, na watu walijua ni nani. Kabla ya hapo maelfu walikufa bila yeyote kuweza kusema aliyekufa ni nani.

Basi tuje nyumbani. Mwaka wa 2016 ndege mwingine wa Nagaland, aliyeitwa Longleng kwa jina la wilaya yake, alifungwa kifaa. Alivuka bahari, na mojawapo ya sehemu alizotua kujilisha ni nyika ya Tsavo. Wanafunzi wa Nagaland waliweza kuonyesha Tsavo kwenye ramani kwa sababu ya Longleng. Ni wanafunzi wangapi wa Voi, Mtito Andei au Kibwezi wanaoweza kuionyesha Nagaland?

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisafiri kwa basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi, mwishoni mwa Novemba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Karibu na Mtito Andei gurudumu lilipasuka, nasi abiria tukashuka. Kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini kama moshi, na juu yao walikuwapo ndege mamia, wakiruka kwa wepesi, wakidaka na kula huku wanaruka. Wengine walijipanga kwenye nyaya za umeme. Nilimuuliza utingo kama anawajua. Akanijibu bila kutazama juu, "Hao ni mwewe tu, mwalimu."

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mzigo wake wa maembe alimkata kauli. "Mwanangu, mwewe gani huyu asiyetazama vifaranga? Hawa ni wageni. Huja na mvua, na mvua ikihama huhama nayo."

"Wanaitwaje, bibi?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo. "Jina sijui. Nawajua kwa kuwaona tangu nilipokuwa msichana."

Maneno ya bibi yule yamekuwa akilini mwangu tangu siku ile. Aliyajua mambo matatu ambayo setilaiti ilihitaji gharama kubwa kuyathibitisha: kwamba ndege hao ni wageni, kwamba hufuata mvua, na kwamba hawana haja na kuku. Alichokosa ni jina la kuifungia elimu yake ili aweze kumrithisha mjukuu. Elimu isiyo na jina hufa na mwenyewe.

Utingo naye alitupa somo la pili. Kiswahili si lugha maskini kwa ndege wawindao. Tuna tai, mwewe, kozi, kipanga, kengewa, kipungu, furukombe na tumbusi. Wazee wa pwani waliwatenga hawa kwa umbo, kwa namna ya kuruka na kwa windo. Leo, hasa bara, majina yote hayo yamemezwa na mawili, tai kwa aliye mkubwa na mwewe kwa aliye mdogo. Hata kamusi zetu aghalabu humweleza mmoja kwa kumfananisha na mwingine, hivi kwamba mwanafunzi anayemtafuta kozi hupelekwa kwa kipanga, na kwa kipanga akarudishwa kwa mwewe.

Mtu atauliza, kuna ubaya gani? Ubaya upo, na ni wa kufisha. Mwewe ana kesi na kila mwenye kuku. Mkulima akimwita mwewe kila ndege mwenye mdomo wa ndoana, basi kesi ya mmoja inakuwa hukumu ya wote. Huyo kozi mla nzige na panzi, ambaye mkulima angepaswa kumlaki kama kibarua asiyedai mshahara, anapigwa kwa manati kwa kosa la vifaranga asiowagusa. Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe. Jiwe lililorushwa kwa dua hiyo humpata jirani yake.

Hali ya ndege wawindao nchini si ya kufanyia mzaha. Utafiti ulioongozwa na Darcy Ogada na kuchapishwa mwaka wa 2022 ulilinganisha hesabu za ndege hao zilizofanywa kando ya barabara za Kenya kati ya 1970 na 1977 na zile za kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Sababu zinajulikana. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe hutia sumu katika mzoga ili amwue simba au fisi, na wanaokufa kwa wingi ni tai. Nyaya na nguzo za umeme huwaua wengine. Malisho na misitu inageuka mashamba na makazi. Kwa wala-wadudu kama kozi wa Amur, hatari nyingine ni dawa za kunyunyizia mashamba. Tunakumbuka nzige walivyoivamia nchi kuanzia mwisho wa 2019 na namna dawa zilivyomwagwa kuwaangamiza. Ndege anayekula nzige aliyenyunyiziwa sumu hula na sumu yenyewe.

Wala simsahau mkulima. Ni rahisi kwa mtu kama mimi, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, kumhubiria mama aliyenyakuliwa vifaranga sita. Watu wa Doyang waliacha mapato ya nyama ya kozi, na wageni wanaokuja kuwatazama ndege kwa wiki chache kila mwaka hawawezi kuliziba pengo hilo kwa kila nyumba. Anayemwomba mwananchi amhifadhi ndege hana budi kumwuliza pia atakula nini. Lakini kwa kozi wetu hatumwombi mkulima wa Kenya aache riziki yoyote. Ndege huyu hachukui kitu cha mtu. Tunamwomba tu amtofautishe na mwewe, na hilo ni jambo ambalo lugha yake ilikuwa imemfanyia tayari kabla hatujalisahau.

Kenya ni miongoni mwa mataifa yaliyotia sahihi mkataba wa Abu Dhabi wa 2008 wa kuwahifadhi ndege wawindao wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo mkataba huo uko katika lugha za mikutano, nao kozi hulala juu ya miti ya watu wasiohudhuria mikutano. Mambo matatu yako ndani ya uwezo wetu, hata bila setilaiti.

La kwanza ni la walimu. Shule zote zilizo kati ya Voi na Kibwezi, Kitui hadi Garissa, zina kifaa bora cha kufuatilia ndege, nacho ni macho ya wanafunzi. Daftari moja linatosha. Kila mwaka iandikwe tarehe ya mvua ya kwanza ya vuli, tarehe kumbikumbi walipotoka, tarehe kozi walipoonekana na idadi yao kwa makisio. Miaka 10 ya daftari kama hilo ni hazina ambayo mtaalamu yeyote angeisafiria kutoka mbali. Nayo ingekuwa elimu iliyoanzia kwetu, isiyotegemea mtu wa ng'ambo atuambie nani amepita juu ya paa zetu.

La pili ni la sisi wanaisimu na watunga kamusi. Tumekuwa hodari wa kuunda istilahi za kompyuta na benki, na ni vyema. Umefika wakati tuketi na wataalamu wa ndege, na wazee wa pwani na wa bara wakiwapo, tuyapange upya majina ya ndege wawindao, kila jina na ndege wake, kwa picha na kwa maelezo ya windo lake. Mwanafunzi akifungua kamusi asizungushwe kama mpira.

La tatu ni jina la kozi huyu mwenyewe. Kumwita kozi wa Amur si kosa, ila ni kumwita kwa mto ambao mtoto wa Taita hatauona. Mimi napendekeza kozi wa vuli, kwa kuwa huja kwetu na mvua za vuli, kama bibi yule alivyonieleza. Sitoi amri. Lugha haiamriwi na daktari wa chuo kikuu. Kama pana jina zuri zaidi, na hasa kama lipo tayari katika lugha yoyote ya nchi hii, nalisubiri kwa hamu.

Wiki mbili baada ya somo lile, yule kijana wa safu ya mbele alikuja ofisini kwangu. Alikuwa amekwenda kwao Kibwezi mwisho wa juma. "Daktari, nimewaona," akasema hata kabla hajaketi. "Wako juu ya nyaya, nyuma ya zahanati. Nilihesabu 200 nikachoka. Nilimwonyesha mama, akasema ni mwewe. Nikamwambia la, mama, mwewe si huyu."

Nilimuuliza alimwambia mama yake kuwa ni nani.

"Nilimwambia ni kozi," akajibu, kisha akatabasamu. "Akaniuliza kama imelipiwa."

Tulicheka wote wawili. Lakini alipoondoka niliona kuwa kazi imeanza, maana nyumba moja ya Kibwezi inajua sasa kwamba wale si mwewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hufika kila mwaka, na huwaponya wenyeji kwa kuwapunguzia wadudu. Novemba ijayo atakuja tena na kaskazi. Mwalimu unayesoma makala haya ukiwa na darasa upande ule, tafadhali mpeleke mtoto mmoja nje na daftari.